Barua Niliyoitia Jina Lako

Lodwar,
Jumamosi alasiri, Agosti 2013.

Righa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyokujua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nina saa tatu. Nimefunga dirisha kwa sababu ya vumbi, nimeketi kwenye meza uliyokuwa ukifanyia kazi zako, na mwanzo wa barua hii nimeuandika mara nne. Kwa mtu aliyeandika barua za serikali miaka ishirini na saba, hiyo ni aibu; lakini ni aibu ndogo ukiilinganisha na nitakazozitaja hapa chini.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa, wala chandarua, wala mahali pa kuiweka pasipoti mtakapofika mpakani kwenda Juba. Una miaka ishirini na mitano. Mambo hayo tumeyazungumza wiki nzima, na kila nilipoyazungumza nilijua kwamba nayasema ili nisiseme jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kiolezo chako cha tatu, kile cha tovuti ya nyumba ya wageni, hakikukataliwa na wakaguzi wa lile soko la mtandaoni. Walitaka kukipokea. Mimi ndiye niliyewafanya wakikatae.

Tafadhali usiiweke barua chini. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio kitu pekee ninachokijua, na kwa sababu utaratibu huohuo ndio uliokuumiza.

Wewe uliiona masjala yetu ukiwa mdogo. Ulikuwa ukitoka shuleni unakuja kulala juu ya rundo la majalada mpaka nimalize kazi. Ulichokuwa hukijui ni namna tulivyofundishwa kusoma barua. Mama aliyenipokea kazini aliniambia siku ya kwanza: "Barua ni nyingi, na wewe ni mmoja. Anza na aya ya mwisho. Uamuzi unakaa mwishoni. Hapo juu ni salamu." Nikafanya hivyo. Nilisoma aya ya mwisho, nikaandika uamuzi kwenye jalada, nikalipeleka kwa mkubwa anayehusika. Nilisifiwa kwa kasi yangu. Miaka ishirini na saba sikuisoma barua ya mtu yeyote kuanzia juu, na sikumbuki kama niliwahi kujiuliza watu walikuwa wakiandika nini huko juu.

Jambo la pili tulilofundishwa ni kwamba kila uamuzi una rufani. Unaikumbuka sherehe ya mbuzi ukiwa darasa la tano? Ilikuwa ya cheo changu. Ombi langu lilirudishwa kutoka Nairobi na neno moja, kwamba halijakamilika. Sikuuliza ni nini kilichopungua. Niliandika kupinga. Niliandika barua miaka mitatu, moja baada ya nyingine, zote safi, zote na nakala kwa wakubwa, na mwishowe cheo kikaja. Baba yako, Mungu amrehemu, aliwaambia wageni wote, "Msimchezee mke wangu. Kalamu yake inapiga mpaka Nairobi."

Sikuwahi kukuambia mwisho wa habari hiyo. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilikabidhiwa majalada ya siri ya watumishi, nami nikalifungua la kwangu. Barua zangu zote zilikuwamo. Juu ya kila moja mtu ameandika: "Asijibiwe." Cheo kilikuja kwa sababu karani mmoja mdogo, ambaye sikumjua na ambaye hakunijua, aliona kwamba cheti changu kimoja hakikuambatanishwa, akaagiza nakala yake, akaiweka. Basi. Kilichokuwa kikitakiwa ni karatasi moja. Nilifunga jalada lile, nikalirudisha kabatini, nikaendelea kujivunia kalamu yangu kana kwamba sikuona kitu. Mtu anaweza kuuona ukweli kwa macho yake mawili na bado akakataa kuusoma.

Sasa nije kwako.

Ulipoanza kuchora violezo mwaka jana, ulikuwa ukifundisha kompyuta Kakuma, katika kituo cha kanisa, na kila mwisho wa mwezi ulikuja nyumbani na ile kompyuta yako mgongoni. Siku moja ulinionyesha. Nakumbuka tulivyozungumza, na ningependa nisikumbuke.

"Hoteli hii iko wapi?" nilikuuliza.

"Haiko popote, Mama. Ni kiolezo. Mwenye hoteli atakinunua kule sokoni, aweke jina lake na picha zake, basi, ana tovuti."

"Na haya maneno?"

"Hayana maana. Yanashika nafasi tu, mpaka mwenyewe aweke yake."

"Kwa hiyo umekaa miezi miwili ukiyapanga maneno yasiyo na maana kwa ajili ya hoteli isiyokuwapo."

Ulicheka. Ukasema, "Ukiiweka hivyo, Mama Faili, hata mimi naona niko na shida."

Nami sikucheka. Nilikuambia kwamba kijana wa umri wako katika ofisi ya kaunti mpya atakuwa na barua ya ajira na meza yake mwenyewe. Uliifunga kompyuta polepole, ukaniuliza kama nataka chai.

Mwanangu, mimi niliishi kwa fomu tupu. Fomu za likizo, fomu za uhamisho, fomu za vizazi na vifo. Nilizipanga kwenye rafu, nilizijua kwa namba. Nilijua kwamba fomu iliyopangwa vibaya inamfanya mwananchi aandike jina lake mahali pa jina la baba, kisha asumbuke mwaka mzima. Kama yuko mtu katika Turkana nzima aliyestahili kuelewa kwamba kuzipanga nafasi tupu ni kazi ya akili, mtu huyo ni mimi. Sikutaka kuelewa. Ulikuwa unaifanya kazi niliyoijua, kwa chombo nisichokijua, na hilo liliniudhi.

Kiolezo cha kwanza kilikataliwa kwa mistari miwili: hakijafikia kiwango. Cha pili, mistari ileile miwili. Nilidhani utaacha. Hukuacha. Ulichukua violezo vya watu vilivyokubaliwa, ukavitazama kimoja kimoja, ukapima nafasi kati ya kichwa cha habari na maandishi, kati ya picha na ukingo. Uliniambia kwamba Bahati, yule mwalimu mwenzako Mkongomani, alikukuta umeiweka rula juu ya skrini akakucheka: "Righa, ndugu yangu, sasa unapima mupepo na rula!" Ulinisimulia ukicheka wewe pia. Lakini nilikuona Krismasi ile, umekaa hapa nilipokaa mimi leo, shati limelowa mgongoni, umeme umekatika, ukisubiri urudi ili uisogeze picha moja kidogo tu kushoto. Niliona, nikapita na ndoo yangu.

Mwezi wa Januari ulikituma cha tatu ukiwa Lodwar, kwenye saiba ya Ekai, kile kibanda chake cha intaneti. Kisha ukarudi Kakuma, na modemu yako ikafa wiki hiyohiyo. Ukanipigia simu. Ukanipa neno lako la siri, herufi moja moja, nikaliandika. Ukasema, "Mama, naomba uangalie barua pepe kila asubuhi. Wakijibu, nipigie. Nipigie tu, usifanye kitu kingine."

Nilikuambia, "Unadhani sijui kupokea barua?"

Barua ilikuja siku ya tisa. Nitakuandikia hapa ilivyosema, kwa uangalifu ambao siku ile sikuutumia. Ilianza hivi: "Habari Righa. Tumefurahi kuiona kazi hii. Mpangilio wake ni mzuri, na umepiga hatua kubwa tangu kazi zako mbili za kwanza." Kisha ikataja mambo matatu ya kurekebisha: nafasi kati ya aya hazilingani katika kurasa mbili; vichwa vya habari havisomeki vizuri kwenye simu; na picha za vyumba hazina maelezo ya ruhusa ya matumizi. Mwishoni ikasema: "Kwa sasa hatuwezi kuikubali ikiwa katika hali hii. Ukishamaliza, itume tena." Chini yake, jina moja tu la mtu, bila cheo.

Unajua nilianzia wapi kusoma.

"Kwa sasa hatuwezi kuikubali." Hilo nililiona kwanza, na baada yake kila kitu kilikuwa na rangi ya kukataliwa. Yale mambo matatu niliyasoma kama mashtaka. "Itume tena" niliona ni dharau, kama wanavyomwambia mwananchi "rudi kesho". Salamu za juu niliziruka. Na lile jina moja lisilo na cheo liliniwasha zaidi ya yote. Nilijiambia: huyu ni karani mdogo. Mkubwa wake hajui anachokifanya.

Laiti ningekupigia simu. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilifungua ukurasa wao wa malalamiko nikaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiingereza cha serikali, kwa jina lako. Niliandika kwamba napinga uamuzi huo kwa nguvu zote. Kwamba mambo matatu yaliyotajwa ni visingizio na sitayarekebisha. Kwamba kazi zangu zinakataliwa kwa sababu natoka Turkana. Kwamba nataka mkaguzi huyo aondolewe, na mkubwa wake anijibu katika siku kumi na nne, la sivyo nitaipeleka habari hii wizarani. Wizarani, Righa! Wizara ipi? Watu wale wako ng'ambo ya bahari. Lakini niliandika, na nilivyoandika nilijisikia kijana.

Ekai alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake. Unamjua, hana haraka na jambo lolote. Akasema, "Mama Righa, si ungojee mwenyewe kwanza? Hii kitu ikienda, haiwezi rudi."

"Mwenyewe ni mwanangu," nikamjibu.

"Najua ni kijana yako. Lakini hapo umeweka jina yake, si yako."

"Ekai, shughulika na mashine zako."

Akainua mkono. "Haya, Mama. Ejok tu, ni sawa." Akarudi kwenye kiti chake.

Jibu lilikuja siku ya tano. Walisema kwamba wanaheshimu maoni yako. Kwamba kwa kuwa umekataa kurekebisha, kiolezo hicho kimekataliwa kabisa na hakiwezi kuletwa tena. Na kwamba kwa sababu ya maneno juu ya mkaguzi wao, akaunti yako haitaruhusiwa kupeleka kazi nyingine. Safari hii niliisoma yote, kuanzia juu. Haikuwa na salamu.

Nilikupigia simu jioni ile. Upepo ulikuwa mkali upande wako, nakumbuka ulipaza sauti.

"Wamekataa," nikasema.

"Wamesema nini?"

"Hawakusema kitu."

Ukasema, "Sawa, Mama. Asante kwa kuangalia."

Uliniambia asante. Nimekaa na asante hiyo tangu Februari.

Ulipopata mtandao na kukuta akaunti imefungwa, uliniuliza kama waliandika kwamba wataifunga. Nikakujibu kwamba huenda ndio utaratibu wao kwa aliyekataliwa mara tatu. Uliamini. Kwa nini usiamini? Mama yako ndiye anayejua taratibu. Na barua zao mbili nilizifuta kwenye barua pepe yako, lakini kabla ya kuzifuta nilizichapisha na kuzitia kwenye jalada, kwa sababu mkono wangu haujui kuiharibu karatasi. Hivyo ndivyo nilivyo: naweza kumdanganya mwanangu wa pekee, lakini siwezi kuichana barua. Zote mbili zimo ndani ya bahasha hii, pamoja na ile niliyoandika mimi. Zisome. Isome ya kwao ya kwanza kabla ya nyingine, na uanzie juu.

Kuna jambo baya kuliko uongo, nami lazima niliandike maana sitaweza kulitamka. Nilifarijika. Wiki ile ya kwanza nilijuta, naam, lakini chini ya majuto kulikuwa na utulivu. Nilijiambia: sasa ataacha kuchezea skrini, atatafuta kazi. Sikuiandika barua ile ili ukataliwe. Ningeapa mbele ya mchungaji. Lakini ulipokataliwa, sikukimbia kuyarekebisha. Sijui mahakama ipi ingenitenganishia mambo hayo mawili.

Ukaacha. Hukusema umeacha. Ulianza tu kuja nyumbani bila kompyuta. Nilipokuuliza iko wapi, ulisema, "Nimempa Bahati. Yeye anaihitaji." Na ulipoanza kukubali kila nilichosema, nilidhani umekomaa. Nilimtafuta Deng, yule mfanyabiashara wa Kakuma tunayesali naye, nikamwomba akutafutie nafasi kwao. Akasema, "Mama, kijana yako ni ndugu yangu. Juba kule kaka yangu iko na lodgi kubwa, yeye nataka mtu ya stoo, mtu mwaminifu." Nilirudi nyumbani nikiimba. Mwanangu aliyeijenga nyumba ya wageni kutoka kichwani mwake, yenye milango ya buluu na ukurasa wa vyumba uliokuwa mzuri kuliko hoteli yoyote niliyowahi kulala, nilikuwa nimempatia kazi ya kuhesabu mashuka katika nyumba ya wageni ya mtu mwingine. Nami naimba.

Mwezi uliopita nilikwenda Kakuma kumshukuru Deng. Nikapitia kituoni kwenu kuchukua vyeti vyako ulivyovisahau. Bahati alikuwa darasani peke yake, na kompyuta yako mbele yake. Aliponiona alisimama kama askari.

"Karibu, Mama! Mama ya mwalimu wangu!"

"Righa ni mwalimu mwenzako."

"Hapana, Mama. Mimi ndiye mwanafunzi yake. Angalia." Akanigeuzia skrini. Nilidhani ni kazi yake. Ilikuwa ile milango ya buluu. "Kazi yake yote iko humu. Sikufuta hata kimoja. Mimi ninaiangalia ili nijifunze. Lakini Mama, mpaka leo sielewi. Hii balikataa juu ya nini?"

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda kwa sababu hakuwa wewe. Nikasema, "Walimwambia arekebishe mambo matatu."

Bahati akaweka mikono kichwani. "Balimwambia atengeneze? Balisema 'itume tena'?"

"Ndiyo."

"Mama! Bale batu bakikuambia tengeneza, ni kusema bamekwisha kukubali! Kwa kazi mubaya habasemi kitu, banafunga mulango tu, mistari mbili. Mambo matatu? Ni kazi ya siku mbili! Righa alijua ile. Sasa yeye alikataa kutengeneza? Righa?"

Nilichukua vyeti vyako nikatoka. Nilikaa kwenye kituo cha magari mpaka jua likapinda. Kazi ya siku mbili. Mpaka saa ile nilikuwa nikijifariji kwamba nilikuwa nimemtukana hakimu katika kesi iliyokwisha kushindwa. Bahati alinionyesha kwamba kesi ulikuwa umeshinda.

Na bado, Righa, sikukuambia. Nilinyamaza wiki mbili, nikikupigia mashati pasi.

Wiki iliyopita ndipo nilipokwenda kwa Ekai. Aliponiona nimekaa kwenye mashine ileile alisema, "Mama Faili! Leo tena unapigana na wazungu?"

"Leo naomba msamaha."

"Ai! Basi njoo ukae hii kiti ingine. Hiyo ni ya vita."

Niliwaandikia mistari sita. Kwamba mimi ni mama yake Righa. Kwamba barua ile ya Februari niliiandika mimi bila yeye kujua. Kwamba yeye hakuwahi kuyaona maelezo yao. Kwamba neno lile juu ya mkaguzi lilikuwa uongo wangu. Nikatia sahihi kwa jina langu mwenyewe. Haikuwa na kumbukumbu namba, wala nakala kwa mtu. Ndiyo barua fupi kuliko zote nilizopata kuandika, na ilinichukua asubuhi nzima.

Wamejibu Alhamisi. Karatasi ya nne ndani ya bahasha ndiyo hiyo. Wanasema uamuzi juu ya kiolezo kile hauwezi kubadilishwa. Hicho kimekwenda, na mimi ndiye niliyekipeleka. Lakini juu ya akaunti wanasema, "Mwenye akaunti atuandikie mwenyewe, nasi tutalitazama upya." Mwenyewe. Nilitaka kuwajibu papo hapo kwa niaba yako. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya herufi. Niliutoa nikaukalia.

Hata kabla ya soko nilikuwa na ugonjwa huu. Ulipokuwa shule ya bweni Kitale, ulikuwa ukiniandikia, nami nilikuwa nikizirudisha barua zako zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Moja ilisema kwamba una homa na unaogopa kulala peke yako katika chumba cha wagonjwa. Niliisahihisha ile pia. Ulirudi likizo ukaniuliza kama niliipata, nikasema ndiyo, na uandishi wako unaendelea vizuri. Wale watu wa ng'ambo, wasiokujua, walikusifu kwanza, ndipo wakakuonyesha makosa. Mimi niliyekuzaa sikuwahi kuianza barua hata moja kwa kusema nimefurahi kuiona.

Basi, huo ndio ujuzi nilionao wa kukupa, na ona ulivyo mdogo. Mtu akikuandikia, anzia mwanzo. Akikuambia kimepungua kitu, muulize ni kipi kabla hujapandisha sauti. Na neno lako la siri usimpe mtu, hata aliyekuzaa.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya mashati yako, uikute Juba, ukiwa mbali nami na mimi mbali na uso wako. Ingekuwa hila ya tatu. Nitakupa mkononi jioni hii kabla ya chakula. Nitatoka nje uisome, nami sitarudi ndani mpaka uniite, na kama hutaniita, nitalala kwa jirani. Usinisamehe leo. Nakujua, utataka kufanya hivyo kwa sababu ya safari, ili nisibaki nikilia. Baki na hasira yako mpaka uione ukubwa wake. Ni yako, umeilipia kwa miezi sita.

Kazi yako Bahati anayo yote, na kwa hesabu yake una violezo vingine viwili ulivyovianza ukaviacha. Deng nimemwambia ukweli jana. Akasema, "Mama, hii mbaya sana," kisha akasema nafasi ya Juba itabaki yako mpaka mwisho wa mwezi, uende kesho au usiende. Na Juba, mwanangu, si adhabu. Watu wamejenga maisha huko. Sikuandika haya ili nikuzuie. Nikikuzuia nitakuwa nimekuamulia tena, na mara hii kwa sauti ya toba, ambayo ni ngumu zaidi kuikataa.

Lori la Deng litaondoka hapa kesho alfajiri, na kabla ya kushika njia ya mpakani litasimama Kakuma, aliko Bahati na kompyuta yako, kupakia mizigo. Hapo utakuwa na muda. Utateremka na begi lako, au utabaki juu ya lori. Mimi sitapiga simu kuuliza ulishukia wapi.

Mama yako.